Magurudumu ya Kandambili

Mjini Morogoro, mwanzoni mwa miaka ya 1980, gari la waya lilianza siku kandambili ilipokufa, na kandambili za zama zile hazikufa upesi. Mkanda ukichomoka, ulirudishwa tunduni na kuzuiwa kwa msumari uliopitishwa chini ya soli. Ukikatika, ulitafutwa mkanda wa kandambili nyingine, hata kama rangi hazifanani. Kisigino kikilika mpaka kikatoboka, ilivaliwa hivyo hivyo, ikahamia bafuni, kisha ikawa ya kwendea bombani. Ilipofika mahali mguu unakanyaga chini moja kwa moja, ndipo mama alipoitupa, na ndipo watoto walipoigombania.

Soli nzima ilitoa magurudumu manne, kama mkataji ana mkono uliotulia. Iliyolika kisigino ilitoa mawili tu, ya upande wa vidoleni. Kwa hiyo magari mengi ya mtaani kwetu yalikuwa na magurudumu ya rangi mbili, mbele bluu, nyuma mekundu, na unene wake haukulingana. Ukiona gari lenye magurudumu manne mapya ya rangi moja, ulijua kuna nyumba ambayo mtu anazunguka uani akiuliza kandambili yake imekwenda wapi, na kuna mtoto ambaye jioni hiyo atalia.

Watu wa rika langu tukikutana misibani na harusini, mazungumzo hayachukui muda kufika kwenye michezo ya utotoni: gololi, manati, tiara, kombolela, magari ya waya. Tunacheka, tunasikitika kwamba watoto wa leo hawaijui raha ile, basi, tunahamia kwenye mengine. Mimi naona tunapita juu juu. Vitu tulivyochezea vilibeba historia ya muongo mzima, na ukivitazama kwa karibu vinaeleza mengi kuhusu nchi yetu ya wakati ule, hasa nani alikosa nini.

Aliyezaliwa baada ya 1990 atahitaji maelezo kidogo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa mwaka huo huo. Haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Vita vilivyofuata tulivishinda mwaka 1979, lakini vilikausha hazina, na bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda vibaya. Mwalimu Nyerere aliwataka wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilipita, mikanda ikabaki imefungwa. Sukari, sabuni, unga, khanga, betri, dawa ya meno, vyote vilikuwa vitu vya foleni, kwenye maduka ya ushirika yaliyopata mgawo kutoka RTC, kampuni ya biashara ya mkoa. Mwaka 1983 serikali ilianza kuwasaka wahujumu uchumi, na watu wenye bidhaa majumbani wakazitupa usiku mitoni na vichakani ili wasikutwe nazo. Katika hali hiyo, nani angetoa fedha za kigeni kuagiza midoli?

Sisi wa Morogoro tulikuwa na jambo la ziada. Mji wetu ulijengewa kiwanda kikubwa cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kilikusudiwa kutengeneza jozi milioni 4 kwa mwaka, sehemu kubwa ziuzwe Ulaya. Hakikuwahi kufikia hata sehemu ndogo ya uwezo huo. Vipuri, malighafi na fedha vilikosekana, jengo lenyewe halikufaa hali ya hewa ya kwetu, na mwaka 1990 uzalishaji ukakoma. Wataalamu wa maendeleo wameandika sana kuhusu kiwanda hicho. Watoto wa mji huo huo wakati huo walikuwa wakikata magurudumu kwenye kandambili zilizotoboka, na soli mbili zilipopatikana kwa wiki moja, wiki hiyo ilikuwa ya neema.

Kaka yangu mkubwa alikuwa fundi wa mtaa, kwa hiyo nililiona gari la waya likizaliwa mara nyingi. Kwanza waya. Uliotafutwa zaidi ni ule wa kufungia nondo, laini, unaokunjika bila kukatika, na ulipatikana mahali nyumba inapojengwa, ukiwa na bahati na mafundi wa pale. Waya mgumu wa kutengenezea ekseli ulitoka kwenye spoku za baiskeli au mwavuli uliovunjika. Waliokosa kabisa walichoma tairi kuukuu jalalani ili wachukue nyaya za ndani yake, wakarudi nyumbani weusi, wananuka moshi, na majibu hawana. Koleo hatukuwa nayo. Waya ulinyooshwa kwa jiwe, ukakunjwa kwa vidole na, kwa siri, kwa meno.

Chesesi ilikuwa waya mbili ndefu zilizolala sambamba, zikaunganishwa kwa vipande vifupi vya kupita katikati. Juu yake ikainuka bodi: kichwa, kioo cha mbele, milango, karia. Magurudumu yalikatwa kwa wembe baada ya kuchorwa duara kwa mdomo wa kopo. Wengine walilipasha moto kopo lenyewe na kuligandamiza juu ya soli mpaka likakata, na harufu ya mpira ulioungua ikajaa uani. Katikati ya kila gurudumu palitobolewa kwa msumari wa moto. Tundu likiwa kubwa mno, gurudumu lilicheza na gari likayumba. Likiwa dogo, halikuzunguka, likaburuzwa. Kaka alikuwa akipaka mafuta ya taa kidogo kwenye ekseli, kisha anazungusha gurudumu kwa kidole na kulisikiliza karibu na sikio.

Lakini ufundi wenyewe ulikuwa kwenye usukani. Gari la waya haliendeshwi kwa kamba wala kusukumwa kwa mkono. Dereva anatembea nyuma yake, wima, ameshika usukani wa duara ulio usawa wa kifua. Kutoka kwenye usukani hushuka waya mrefu uliofungwa kwenye kijiti au mwanzi, ukapita juu ya bodi, ukaenda mpaka ekseli ya mbele. Ekseli hiyo haikukazwa kwenye chesesi. Ilining'inizwa kwa kitanzi kimoja katikati, ili iweze kugeuka. Ukizungusha usukani kulia, mwanzi unazunguka, unaivuta ekseli, na magurudumu ya mbele yanaangalia kulia. Kitanzi hicho kilikuwa na kipimo chake. Mtoto wa miaka 10 aliyekipatia alikuwa ameelewa, bila kufundishwa na mtu, jinsi gari la kweli linavyokata kona. Nimewahi kukaa na wahandisi watu wazima wanaosema waziwazi kwamba somo lao la kwanza la ufundi lilikuwa kitanzi kile, na nawaamini kabisa.

Waliobobea waliongeza springi za vipande vya chuma vilivyopangwa, au za mpira wa tyubu ya baiskeli. Waliongeza vizuia tope vya nailoni vyenye maandishi. Wachache waliweka taa: balbu ya tochi, waya mbili na betri ya National. Betri hizo zilitengenezwa Dar es Salaam, na bado zilikuwa adimu kiasi kwamba zilizochoka zilianikwa juani juu ya bati ili zirudishe nguvu kidogo. Baba akisikiliza taarifa ya habari ya Radio Tanzania mpaka sauti ikafifia kabisa, ndipo betri ziliposhuka daraja na kuwa mali ya gari. Mwanga wake ulikuwa wa manjano, hauangazi hata sentimita chache mbele, lakini ukipita nao kichochoroni saa moja ya usiku mtaa wote ulitoka kutazama.

Na barabara? Hilo nalo lilikuwa zao la uhaba. Ili kuokoa mafuta, magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Mji ukanyamaza. Lami yote ikawa yetu. Ilianza foleni ya malori ya waya, dereva wa mbele akiunguruma kwa midomo, akipunguza gia kwenye mlima mdogo, akipiga honi kwenye kona, na nyuma yake wale wasio na gari wakilia: "Kaka, nipe raundi moja tu!" Raundi moja ilikuwa na bei: visoda kadhaa, gololi moja isiyo na ufa, au nusu ya muwa.

Morogoro iko kwenye barabara iendayo Zambia, kwa hiyo magari yetu yalikuwa malori: Scania, Leyland, Fiat zenye matela mawili. Watoto wa Dar es Salaam walikuwa na kitu kigumu zaidi, Ikarus za UDA, shirika la usafiri la jiji, yale mabasi marefu yenye kiungo katikati tuliyoyaita kumbakumba. Kulitengeneza kumbakumba la waya kulihitaji bodi mbili na kiungo kinachokunja bila kukatika, na nguo ya kiungo ikashonwa kwa tyubu. Ikarus ilitoka Hungaria. Kutoka nchi hiyo hiyo ilitoka pia mraba wa rangi wa Ernő Rubik, aliyeubuni Budapest mwaka 1974, na kuanzia 1980 ukaenea duniani kote na kuwa mchezo mkubwa wa muongo ule. Huo haukutufikia. Kilichotufikia kutoka Hungaria ni basi, na watoto wakaligeuza mchezo.

Kwingineko kanuni ilikuwa ile ile: mtoto alitengeneza kinachopita mbele ya nyumba yao. Kenya walitengeneza gari za Safari Rally, zenye namba ubavuni, na aliyekuwa na bahati akawa Shekhar Mehta, aliyeshinda mashindano hayo mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982 akiwa na Datsun. Pwani, kuanzia Lamu mpaka Unguja na Mafia, watoto walichonga ngalawa ndogo zenye marengu na kuzifunga matanga ya nailoni, maji yakitoka na kujaa wakashindana. Nyanda za wafugaji, udongo wa kando ya mto ulifinyangwa ng'ombe wenye nundu, dume, jike na ndama, kila mmoja na pembe zake, wakaswagwa mpaka kwenye zizi la vijiti.

Mpira wa miguu nao ulitengenezwa. Ulikuwa wa makaratasi, nailoni na matambara ndani ya soksi, ukakazwa kwa kamba ya katani. Kwa wenzetu wa Kilimanjaro na Bukoba, kwa majani makavu ya mgomba. Haukudunda sana. Ulipigwa peku, kwenye chandimu za mpaka giza liingie, na kila mshambuliaji alikuwa Peter Tino, kwa sababu bao lake dhidi ya Zambia kule Ndola mwaka 1979 ndilo lililotupeleka Lagos, kwenye fainali za Mataifa ya Afrika za 1980.

Sasa niseme jambo linalonikera kwa muda mrefu. Kumbukumbu hizi zikiandikwa, karibu kila mara zinakuwa za wavulana. Gari la waya linapewa kurasa, mwanasesere anapewa sentensi. Sababu moja ni kwamba waya hudumu. Vitu tulivyochezea wasichana vilioza, vililiwa au vilirudi jikoni.

Chukua mtoto wa gunzi. Msimu wa mahindi ulipofika, tulichagua muhindi mchanga wenye nywele ndefu, za rangi ya shaba, na tukazisuka. Kuzisuka nywele za muhindi ni kazi ya vidole vyepesi, kwani ukivuta kwa nguvu zinang'oka na mtoto anabaki na kipara. Tulimvika kipande cha khanga kilichobaki kwa fundi cherehani, tukambeba mgongoni kwa mbeleko, tukampeleka kliniki, tukamnyamazisha. Jioni mama alikuwa na haki ya kumchoma na kumgawa vipande. Nje ya msimu tuling'oa majani yenye mizizi mirefu, tukaosha udongo, na mizizi ndiyo ikawa nywele za kusuka. Wasusi wengi mtaani kwetu walijifunzia huko twende kilioni, mabutu na njia tatu, kabla hawajaruhusiwa kugusa kichwa cha mtu.

Tulikuwa na mdako: shimo dogo, kokoto ndani yake, moja inarushwa juu, na kabla haijatua umezoa nyingine na kurudisha zinazozidi. Tulikuwa na rede, ambayo mpaka leo naiona kuwa mchezo mzuri kuliko yote niliyowahi kucheza. Wawili wanasimama, mmoja kila upande, na mpira wa matambara, wa katikati ana chupa tupu, na kazi yake ni kuijaza mchanga huku akikwepa kupigwa. Ukijaza ukaisimamisha, umeokoa wenzako waliotoka. Ulihitaji macho mawili kwa mpira na mikono miwili kwa mchanga, na pumzi ya kuvumilia. Kwenye mchezo wa kupikapika, vifuniko vya soda vilikuwa sahani, kopo la Kimbo lilikuwa sufuria, mchanga ulikuwa wali, na foleni ya duka la ushirika tuliipanga pia, kwa mawe, tukamweka mwenzetu mmoja awe muuzaji. Yeye alisema sukari imekwisha. Tulicheza kile tulichokiona.

Sababu ya pili ni muda. Kaka yangu aliweza kukaa mchana mzima akinyoosha waya. Mimi nilicheza kati ya ndoo na ndoo, mwanasesere mgongoni na mtoto wa kweli, mdogo wangu, akisubiri kubebwa. Nikisikia watu wanaisifu miaka ile kuwa ya uhuru wa watoto, nataka kuuliza: watoto gani? Wala siwezi kuusifu uhaba wenyewe. Mama zetu waliosimama foleni tangu alfajiri kwa kipande cha sabuni hawakuwa wakitufundisha ubunifu. Walikuwa wamechoka.

Mabadiliko yalikuja haraka. Bajeti ya mwaka 1984 iliwaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na Novemba 1985 Ali Hassan Mwinyi alipoingia madarakani milango ilifunguka zaidi, watu wakamwita Mzee Ruksa. Mitumba ikarudi. Kandambili zikajaa madukani. Midoli ya plastiki ikaanza kuja kutoka Dubai, yenye macho ya bluu yanayofumba ikilazwa. Mdoli wa kwanza niliyemwona alikaa kwenye kabati la vyombo sebuleni kwa jirani, kati ya vikombe vya wageni, ndani ya nailoni yake. Binti wa nyumba ile alikuwa akitufungulia mlango tumwone, tukiwa tumesimama mbali. Sikumbuki hata siku moja aliyotolewa nje ya nailoni. Alikuwa mali ya nyumba, ushahidi kwamba mambo yamekuwa mazuri, na mtoto aliendelea na gunzi lake.

Kisha ikaja televisheni. Bara tulikuwa bila kituo mpaka 1994, wakati Zanzibar walikuwa nacho tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Baada ya hapo watoto wakaanza kutaka vitu walivyoviona kwenye kioo badala ya vile vilivyopita barabarani, na viwandani China vilikuwa vikitengenezwa kwa bei ambayo hata mzazi wa kawaida aliweza kuifikia.

Wakubwa wenzangu husema watoto wa leo hawawezi kutengeneza kitu. Sikubaliani nao. Waya haupatikani bure kama zamani, maana vyuma chakavu vina mnunuzi na kila kipande kinaokotwa na kuuzwa kwa kilo. Barabara haiachiwi mtoto hata Jumapili, bodaboda zinapita usiku na mchana. Viwanja tulivyochezea rede vina fremu za maduka. Ukiwanyima mahali na vitu, kisha ukawalaumu kwa kukaa ndani, hujawatendea haki. Hata hivyo wanatengeneza. Tembea Tandale, Manzese au Mwanza mlimani, utaona magari ya chupa za plastiki yenye magurudumu ya vifuniko vya maji, bajaji za maboksi, bodaboda za waya zenye abiria wa udongo nyuma.

Juzi kati kaka yangu, sasa babu mwenye wajukuu, alimkuta mmoja wao barazani na maboksi mawili ya juisi na gundi. Mtoto alikuwa anatengeneza basi la mwendokasi, refu, lenye kiungo katikati, kama yale yanayotembea Dar es Salaam tangu 2016. Lilikuwa halikati kona. Boksi la mbele lilikwenda kushoto, la nyuma likang'ang'ania kwenda mbele mpaka karatasi ikachanika. Kaka akavuta kigoda, akaliangalia, akaligeuza juu chini.

"Umekaza mno hapa katikati, mjukuu wangu. Weka kitanzi kimoja tu, kilegee."

Wakakaa pale mpaka mama wa mtoto akaita chakula mara mbili. Kitanzi cha kwanza kilikuwa cha uzi, kikakatika. Cha pili walikitengeneza kwa waya wa daftari la kuchorea, na basi likageuka, la nyuma likifuata la mbele. Mtoto hakutaka kuja kula. Alikuwa anauliza kama kuna boksi jingine la juisi nyumbani, kwa sababu sasa alitaka kuunga mabehewa matatu.